Tambi na Wali wa Mzee Nuhu

Mwanamvua binti Mwinshehe alikuwa mpishi wa shughuli. Pale Rusimbi, mtaa wa Ujiji, ukila wali wa harusi ukaurudia bila kuombwa, ulijua jikoni alikuwepo yeye, kanga imekazwa kiunoni, mwiko mrefu kama kasia mkononi, akiwaamuru wanawake wenzake kupunguza moto au kuongeza. Kazi hiyo aliirithi kwa shangazi yake. Hakuwahi kupima kitu kwa kikombe. Pilau, biriani, samaki aina ya migebuka wa kukaanga, tambi za sukari na iliki za mwezi wa Ramadhani, vyote hivyo mikono yake ilivijua yenyewe. Ndiyo maana mumewe alipoanza kudai chakula asichokijua, aliona aibu kwanza, wasiwasi ukaja baadaye.

Mumewe, Mzee Nuhu, alikuwa mfanyabiashara wa ziwani enzi za nguvu zake. Alipeleka dagaa na mawese Bujumbura, akarudi na vitenge na sabuni. Halafu katikati ya miaka ya tisini, vita ya Burundi ilipopamba moto, alikaa huko muda mrefu hata watu wakaanza kuja kumpa mkewe pole. Akarudi siku moja amekonda, hana mzigo, hana viatu. Alisema biashara ya kule imekwisha, njia ni mbaya. Basi. Mwanamvua alimdodosa siku za mwanzo, akajibiwa hivyo hivyo, njia ni mbaya, mpaka akaacha. Nuhu akafungua kibanda cha kuuza nyuzi na nyavu Ujiji, wakapata mtoto wao wa pekee, Nasra, na maisha yakaenda.

Mwisho wa mwaka 2014 Mzee Nuhu alipigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulilala, ulimi ukawa mzito, na akili ikawa kama redio ya betri zinazokwisha, mara inasikika vizuri, mara inakoroma. Mwanamvua alimhudumia bila kunung'unika. Alimpondea ndizi, akamchemshia supu ya samaki aina ya kuhe, akamlisha kwa kijiko. Lakini mwezi wa tano, wakati Warundi walipoanza tena kukimbia kwao kwa maelfu na redio zote za mtaani zikawa zinataja kijiji cha mpakani, Kagunga, Kagunga, Kagunga, mzee akafunga mdomo. Akalisukuma bakuli la supu kwa mkono wake mzima.

"Nataka kile cha Wachina," alisema.

Mwanamvua alidhani hakusikia vizuri. Akamuuliza Wachina gani. Nuhu akasema wa Bujumbura. Akamuuliza ni chakula gani hicho. Nuhu akafikiri kwa muda mrefu, jasho likamtoka, akasema ni wali. Kisha akasema ni tambi. Kisha akasema kina samaki ndani, kina yai, ni kitamu kama sukari na kikali kama ndimu, na cheusi cheusi.

Hapo ndipo mkanganyiko ulipoanza. Mwanamvua alimwita Nasra, ambaye alikuwa anafundisha shule ya chekechea na alikuwa na simu kubwa. Nasra akatafuta. Zikaja video nyingi za watu wanaokaanga vitu kwenye makarai juu ya moto unaolipuka, wanazungumza haraka kwa lugha ambazo mama yake hakuzielewa, na Nasra mwenyewe alielewa nusu. Kila mmoja alikuwa na namna yake. Huyu anatia yai mwanzo, yule anatia mwisho. Mmoja anasema hiki ni cha Kichina, mwingine anasema ni cha Kithai, wa tatu anasema ni rahisi sana, unaweza kukipika nyumbani kwa dakika chache kama cha mgahawani, halafu anataja vitu saba ambavyo Kigoma nzima havipo. Mwanamvua aliangalia mpaka macho yakamuuma. Alimuuliza mwanawe kama watu hawa wote wanapika kitu kimoja au vitu tofauti. Nasra alisema hajui.

Walianza na wali. Mwanamvua alikwenda kwa Mhindi mmoja mwenye duka mjini Kigoma akapata chupa ya sosi ya soya, nyeusi kama dawa ya kikohozi. Kabla ya kuifungua alimpelekea ndugu yake Omari, aliyekuwa anasomesha madrasa, aisome isije ikawa na kileo. Omari aliigeuza geuza, akasoma kila neno, akasema haoni ubaya, ila na yeye hajui inaliwaje. Mwanamvua akakaanga wali na karoti na yai, akatia matone ya ile sosi kwa woga. Harufu ilijaa uani. Jirani akachungulia akauliza nani anaumwa.

Nuhu alionja kijiko kimoja. "Tambi ziko wapi?"

Kesho yake akapika tambi. Hili lilimtesa zaidi, maana tangu azaliwe alijua tambi ni kitu cha sukari. Kuzikaanga na kitunguu saumu, tangawizi na kabichi ilikuwa kama kumvika mtu shati miguuni. Alizipika hivyo hivyo, na Nasra akala sahani nzima akasema ni tamu ajabu. Nuhu alizitazama akasema, "Wali uko wapi?"

Akapika samaki wa nanasi. Nanasi la Kigoma halina mfano, alilikata vipande vidogo, akalichemsha na siki na sukari mpaka likawa rojo la kung'aa, akalimwagia mgebuka mzima aliyekaangwa akakauka. Kilikuwa chakula cha kupendeza, hata yeye mwenyewe alikiri. Nuhu akauliza samaki mzima huyu ni wa nani. Akasema si hiki. Wachina hawapiki hivi.

Mwanamvua alikaa chini mlangoni mwa jiko akiwa na mwiko mkononi, hajui afanye nini. Watu walituma watoto kutoka mitaa ya Mwanga na Gungu kuja kumwita awapikie, na mume wake mwenyewe anakufa njaa ndani ya nyumba yake.

Mambo mengine mawili yalimchanganya kuliko chakula chenyewe. La kwanza, Nuhu alikataa kula barazani wala chumbani. Alitaka kupelekwa stoo, chumba kidogo kisicho na dirisha walimotunza masufuria ya shughuli, akalishwe mle sakafuni. Na alitaka sahani mbili. Moja aiweke mbele yake, nyingine aisogeze ukutani, na hiyo ya ukutani asiguse mtu. La pili, kila sahani zilipoingia, mzee alishusha sauti, akasema kwa upole ambao mkewe hakuusikia kwake kwa miaka mingi:

"Kelly, funga mlango."

Alisema hivyo leo, akasema na kesho. Mwanamvua hakuwa mtoto. Mwanamume aliyezoea kwenda Bujumbura, chumba cha giza, sahani mbili, na mwanamke anayeambiwa afunge mlango. Alimwambia Nasra kwamba baba yake alikuwa na mke mwingine kule, jina lake Kelly, na walikuwa wanakula chakula cha mgahawa pamoja. Nasra alisema huenda ni maradhi tu, akili ya mgonjwa inaokota majina popote. Mama yake akasema akili haiokoti jina ambalo haikuwahi kuliweka.

Jambo la ajabu, hakukasirika kama alivyotarajia. Alijipima moyo akitafuta hasira, akakuta kitu kingine kisicho na jina. Alitaka kumwona tu huyo Kelly. Na alitaka kumuuliza kile chakula kinapikwaje.

Wakati huo meli ilikuwa inachukua wakimbizi kutoka Kagunga na kuwashusha bandarini Kigoma, wakahifadhiwa kwenye uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika kabla ya kupakiwa mabasi kwenda kambi ya Nyarugusu. Kipindupindu kilikuwa kimewapiga kule ufukweni. Akina mama wa mjini walijitolea kwenda kusaidia kuchemsha maji na kupika uji, na kwa kuwa Mwanamvua ndiye aliyekuwa na masufuria makubwa, walimfuata. Alikubali upesi kuliko walivyotegemea.

Alikoroga uji kwenye pipa, na kila aliyekuja na kikombe alimuuliza kama anamjua Kelly. Kumbe akina Kelly ni wengi. Aliletewa Kelly wa kiume mwenye miaka kumi. Aliletewa Kelly mchanga aliyefungwa mgongoni, mama yake akadhani anatafutiwa maziwa. Msichana mmoja alisema yeye ni Kelly, lakini alikuwa mdogo kuliko Nasra na alizaliwa Makamba, hajawahi kukaa Bujumbura. Mwanamvua alipoona hivyo akabadilisha swali. Akawa anauliza nani anamjua Kelly aliyekuwa anakula chakula cha Wachina wa Bujumbura. Watu walimtazama kwa huruma, wakadhani na yeye amepatwa na msiba.

Ndipo mama mmoja wa makamo, mrefu, amevaa koti la kiume juu ya kitenge, akarudi kwenye foleni ingawa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa. Alizungumza Kiswahili cha Bujumbura, laini, kinachovuta maneno.

"Mama, wewe ni wa hapa?" aliuliza.

Mwanamvua alisema ndiyo, ni wa Ujiji.

"Kulikuwa na bwana mmoja wa Ujiji. Nuhu."

Mwanamvua aliachia mwiko ukazama kwenye uji. Alimtazama yule mama kuanzia kichwani mpaka miguuni: mvi, mikono mikavu, macho yaliyochoka. Alimuuliza, "Wewe ndiye Kelly?"

"Mimi ni Astérie. Kelly ni mwanangu."

Jibu hilo lilimfanya Mwanamvua aone mambo meusi zaidi. Alimshika mkono wakaenda kukaa nyuma ya jukwaa, mahali penye kivuli, na akamuuliza moja kwa moja kama mtoto huyo ni wa Nuhu. Astérie hakuelewa swali. Alipolielewa alicheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, kisha akaomba radhi.

Alisema baba yake Kelly alikuwa Zénon, marehemu sasa, na Zénon alikuwa mpishi katika mgahawa wa Mvietnamu mmoja mjini Bujumbura, ambao watu wote waliuita kwa Wachina. Wao walipanga nyumba mtaa wa Bwiza. Mwaka ule mtaa wao ulipovamiwa, watu wakiuawa mchana kweupe, Zénon alirudi kutoka kazini kwa njia za uchochoroni na njiani akakuta wanaume wawili wamejibanza kwenye mtaro. Wote walikuwa wauza dagaa kutoka ng'ambo, hawana pa kwenda, hawajui kona za mji. Akawaingiza ndani akawaficha stoo. Mmoja ni Nuhu. Mwingine ni mtu wa Kagunga, Leonardi.

"Kelly alikuwa na miaka saba," alisema Astérie. "Mtoto akikatiza uani na sahani, hakuna anayemtazama. Mimi ningetazamwa. Ndiye aliyewapelekea chakula. Na wao walimwambia kila siku afunge mlango."

Mwanamvua akauliza tu kile alichojua kukiuliza. Akauliza chakula kilikuwa chakula gani.

Astérie alimwambia kwamba hakikuwa chakula chenye jina. Mgahawa ulikuwa ukifungwa mapema kwa sababu ya risasi, wateja wakikimbia wanaacha sahani. Zénon alikusanya mabaki yote kwenye ndoo moja ndogo akayaleta nyumbani: wali wa kukaanga wa meza hii, tambi za meza ile, samaki wa nanasi aliyebaki nusu, kabichi, mayai. Nyumbani aliyatia yote kwenye karai lenye moto mkali, akanyunyiza sosi nyeusi na siki kidogo yasije yakawa yameanza kuharibika, akakoroga, wakala wote. Wao, mtoto, na wale wawili stoo.

"Yale yalikuwa makombo, mama," alisema. "Wachina wenyewe wangeyaona wangekimbia."

Mwanamvua akamweleza jinsi alivyokuwa anapika kimoja kimoja kwa usafi, na jinsi Nuhu alivyokuwa akikataa. Akasema alidhani mzee amechanganyikiwa. Astérie akatikisa kichwa, akasema hapana, chakula ndicho kilichochanganyikana.

Kisha Mwanamvua akauliza habari za sahani ya pili. Astérie alisema kwamba asubuhi moja maji yaliisha mle stoo na Zénon hakuwepo. Leonardi hakuvumilia, akatoka kwenda kuchota bombani. Walisikia milio upande wa bomba. Hakurudi. Nuhu alikatazwa kutoka kumtafuta, Astérie mwenyewe alimshika miguu. Jioni ile Kelly alipeleka sahani mbili kama kawaida kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia, na Nuhu akazipokea zote. Kesho yake Astérie akataka kupeleka moja. Nuhu akakataa. Alisema huyo bwana atarudi na njaa. Wakaendelea hivyo, sahani moja inaliwa, moja inarudi imejaa, mpaka Zénon alipopata gari la mkaa la kumfikisha Nuhu ufukweni.

Mwanamvua alimuuliza kwa nini mumewe hakumwambia hata siku moja. Alimuuliza kana kwamba Astérie ndiye aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini. Astérie alisema yeye pia hajui. Alisema Zénon naye hakuwahi kulizungumzia tena mpaka anakufa kwa malaria, na Kelly, ambaye sasa anaishi Kampala, alidhani ilikuwa ni mchezo wa wageni waliokuwa wakijificha.

Mwanamvua aliporudi nyumbani hakumwambia mumewe kitu. Alimwambia Nasra, wakiwa jikoni, na Nasra akalia. Yeye hakulia. Alianza kuosha mchele.

Lilikuwa pishi gumu kuliko yote aliyopata kupika, kwa sababu lilimlazimu kufanya kila alichofundishwa kutokufanya. Astérie alimwelekeza kwamba wali lazima uwe umelala, umepoa na kukauka punje punje, wali wa moto utakuwa ugali. Kwa hiyo aliupika akauacha siku nzima. Alikaanga tambi kwa kitunguu saumu na tangawizi akaziweka pembeni zikapoa zikashikana. Alimpika samaki kwa nanasi, kisha akamchambua miiba akamvuruga kwa uma mpaka hajulikani kichwa wala mkia. Mpishi wa harusi, akiharibu samaki wake kwa makusudi. Nasra alisimama pembeni akimtazama mama yake akikunja uso kila alipovunja kitu.

Jioni akawasha mkaa mwingi, akaupepea mpaka karai likatoa moshi. Akatia mafuta, yai, akalikoroga, akamwaga wali, tambi, kabichi, samaki na rojo lake, vyote pamoja, akageuza haraka haraka. Akanyunyiza sosi, akanyunyiza siki. Kilichotokea kilikuwa cha rangi ya udongo wenye mvua. Hakuwa na uhakika kama kimeiva au kimeharibika. Alikionja mara moja, akaonja tena, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Kilikuwa kitamu na kichachu na chenye chumvi na kisichoeleweka, na alishangaa kwamba kilikuwa chakula kizuri.

Akapakua sahani mbili. Yeye na Nasra walimbeba mzee wakamkalisha stoo, mgongo ukutani, katikati ya masufuria.

"Kelly, funga mlango," alisema Nuhu.

Mwanamvua akaufunga, akabaki ndani. Nasra alikuwa ameacha taa ndogo ya chaji. Nuhu alinusa sahani. Alikula kwa mkono wa kushoto, polepole, wali ukimdondoka kidevuni, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza. Mwanamvua alisogea karibu na sahani ya pili, akauliza habari zake kwa mara ya kwanza.

"Baba Nasra, hii ni ya Leonardi?"

Nuhu alimtazama kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo lililo wazi. "Ametoka kwenda kuchota maji," alisema. "Atarudi."

Mwanamvua hakujua aseme atarudi au aseme hatarudi. Akasema, "Haya."

Kuanzia siku hiyo mzee alikula. Hakupona, lakini alikula, na mwili ukamrudi kidogo. Astérie alipelekwa Nyarugusu kwa basi la wiki ile ile. Mwanamvua alimsindikiza na mfuko wa mchele na ile chupa ya sosi iliyobaki, wakaagana kwa kukumbatiana bila maneno mengi, na kila mmoja akawa na namba ya simu ya mwenzake. Astérie pia alimpa namba ya Kelly. Nasra akampigia Kampala, wakamwekea mzee simu sikioni. Sauti ya mwanamke mzima ikamwamkia, shikamoo baba, mimi Kelly. Nuhu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akamrudishia Nasra simu.

"Huyu si Kelly," alisema. "Kelly ni mtoto."

Baada ya Ramadhani kupita, Mwanamvua alimwachia Nasra mzee akapanda boti kwenda Kagunga. Omari alimshauri asiende, akasema mambo ya zamani hayana faida na hajui atawakuta kina nani. Hata yeye hakujua. Alijua jina moja tu, Leonardi, muuza dagaa aliyepotea mwaka wa vita. Alipofika, ufukwe ulikuwa bado umejaa matambara na mabaki ya makambi ya watu waliopita. Aliuliza kwa wavuvi, wakamwelekeza kwa mjane wake, Marcelina, nyumba ya juu kidogo mlimani, miguu ikamuuma mpaka kufika.

Marcelina alikuwa anaanua dagaa. Alimkaribisha mgeni kwa Kiha, akampa kigoda na maji, na kwa kuwa ni mila kutomuuliza mgeni mapema, alingoja. Mwanamvua alikuwa amepanga maneno yake kwenye boti, yakampotea yote. Akaanza katikati, akarudi nyuma, akataja stoo kabla ya kutaja mtaro, na Marcelina ilimbidi amwombe aanze upya. Akaanza upya. Alimwambia yote, pamoja na bomba.

Mjane alikuwa na ungo wa dagaa mapajani, akaendelea kuwachambua. Alisema baadaye kwamba watu walimwambia mengi. Wengine walisema Leonardi alizama ziwani. Wengine walisema ameoa Uvira, ana duka. Kwa miaka mingi hakujua amwombee misa au amlaani, basi alifanya vyote kwa zamu.

Halafu akauliza, "Alikuwa anakula huko?"

"Alikula," alisema Mwanamvua. "Walikula vizuri. Wali na tambi, yai, samaki, na nanasi ndani yake."

Marcelina aliinua kichwa. "Nanasi?"

"Nanasi, ndiyo. Na siki."

"Leonardi hali nanasi. Linamwasha mdomo tangu utoto."

Wakatazamana. Mwanamvua aliona kila alichokishika kinamponyoka tena, hakujua kama amemletea mama huyu mumewe au mume wa mtu mwingine. Akauliza kwa uangalifu Leonardi alikuwa mtu wa namna gani. Marcelina akasema alikuwa mfupi, mwenye pengo la jino la mbele, na asiyeweza kukaa mahali pamoja. Hakuna alichokisema ambacho Astérie alikuwa amekitaja, na hakuna kilichopingana na maneno yake.

Marcelina alisema labda alilichambua lile nanasi akaliweka kando ya sahani. Alikuwa na tabia hiyo, kuweka kando asichokitaka, mezani alichosha watu. Kisha akasema labda njaa ilimfundisha kulila. Akafikiri, akasema huenda hata lile la kuwasha lilikuwa uongo wa utotoni tu, maana mama mkwe wake alimdekeza.

Akaweka ungo chini, akasimama, akaenda kuchochea moto. Alimuuliza Mwanamvua kama wali wa chakula hicho unatiwa ukiwa wa moto au ukiwa umepoa, na Mwanamvua akamfuata jikoni kumwonyesha.